Asiye na Neno

Kompyuta iliganda picha ikiwa imefika nusu. Sebule iliyokuwa kwenye skrini ilikuwa na zulia, kochi na upande mmoja wa dirisha. Kutoka hapo kwenda kulia palikuwa na kijivu kitupu. Mchoraji aliweka kiganja juu ya kasha la mashine, akakiondoa haraka. Kasha lilikuwa la moto kama pasi, na feni ndani yake ilikuwa inalia.

Kazi yake ilikuwa kuchora nyumba ambazo hazijajengwa. Kampuni ya ujenzi ilimletea ramani, naye akazigeuza kuwa picha zenye jua, vivuli na majani ya miti, ili mnunuzi aione nyumba yake kabla ya tofali la kwanza. Hatua ya mwisho, ile ya kuiachia mashine ikokotoe mwanga wote peke yake, wenye kazi hiyo huiita kupika. Picha moja ilipikwa tangu chai ya asubuhi hadi mtoto wake aliporudi kutoka shule ya awali, kama mashine haikuganda. Siku hizi iliganda karibu kila mara, na kampuni ilikuwa imeshasema, kwa upole, kwamba kuna mchoraji mwingine.

"Nunua nyingine," alisema mume wake. Yeye alikuwa mkaguzi wa lifti na alipenda vitu vyenye dhamana. "Dukani zimejaa. Unabeba, unachomeka, ikisumbua unarudisha."

"Za dukani nazo zitaganda. Nataka ya kuundiwa."

"Ya kuundiwa ni karibu mara mbili ya bei. Kwa lipi? Suti ya kushonesha naelewa, mtu ana tumbo lake. Kompyuta ina tumbo?"

"Ile ya mwenzangu wa ofisi ya zamani haina sauti kabisa. Unaweka sikio hivi, husikii kitu. Wala haipati moto."

"Kitu kisichopata moto hakifanyi kazi. Hata mimi nikifanya kazi napata moto."

"Wewe? Lini hiyo?"

Dada mkubwa wa mchoraji aliingia na birika, akacheka kidogo. Aliishi nao, katika chumba cha nyuma, tangu kabla mtoto hajazaliwa. Na kabla ya hapo mchoraji ndiye aliyeishi kwake. Baba yao alipofariki, mkubwa aliacha shule ili mdogo abaki, na tangu siku hiyo alikuwa amefua, amepika na amelea kila kilichohitaji kufuliwa, kupikwa na kulelewa. Mtoto alimwita Mama Mkubwa, na jengo zima likafuata, isipokuwa mume, aliyemwita shemeji.

"Shemeji, hebu tuamulie wewe," alisema mume. "Ya dukani au ya kuundiwa?"

"Mimi sina neno," alisema Mama Mkubwa, akamimina chai.

Hilo ndilo alilosema siku zote. Walipohama mtaa wa zamani alisema hana neno. Walipompa chumba cha nyuma alisema hana neno, ingawa dirisha lake lilitazama kiwanja ambako shule ya udereva ilifundisha wanafunzi kurudi nyuma katikati ya mapipa, na kutwa nzima vumbi na honi viliingia. Mtu wa namna hiyo ni raha kuishi naye. Hilo mchoraji alikuwa akiwaambia watu mara nyingi, na alilisema kwa upendo.

Karakana ya fundi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani. Fundi alikuwa mtu wa sauti ya chini, na shingoni alining'iniza futi ya kitambaa kama fundi cherehani. Alimpima mchoraji kutoka kiwiko hadi mezani, kutoka macho hadi kwenye skrini, kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Alimuuliza jua la asubuhi huingia upande gani wa chumba chake.

"Ya dukani imeundwa kwa ajili ya mtu yeyote," alisema akiwa amepiga magoti na futi. "Mimi huyo mtu yeyote sijawahi kukutana naye."

Kwenye rafu nyuma yake mashine zilizosubiri wenyewe zilikuwa zimewaka, taa zake ndogo za buluu zikipepesa. Hakuna hata moja iliyotoa sauti. Chumba kilikuwa baridi kiasi kwamba mchoraji alijifunga mtandio vizuri.

"Nyumbani mko wangapi?" fundi aliuliza.

"Wanne."

"Nani hana neno?"

Mchoraji alicheka. "Kwetu? Mume wangu ana maneno ya kutosha mtaa mzima. Mtoto ndiyo usiseme. Labda dada yangu mkubwa. Yeye hana neno."

"Kabisa?"

"Kabisa. Hata umfanyie nini."

"Vizuri," alisema fundi. Aliinama juu ya kasha lililokuwa wazi mezani, akasema ndani yake kwa sauti ya chini, "Dada mkubwa," kama fundi cherehani anavyojitajia kipimo cha kiuno asije akakisahau. Kisha akaendelea kukaza skrubu.

Mashine ilipofika nyumbani ilikuwa baridi kama mtungi wa maji. Mchoraji aliifungulia ile sebule yenye nusu dirisha, akabonyeza, akaenda kumenya chungwa. Hakuwa amemaliza kulimenya, picha ikawa tayari. Dirisha lote lilikuwepo, na nje yake jua lilikuwa limegusa majani mojamoja.

Mume alisogeza kiti, akaweka sikio kwenye kasha. Alikuwa na sikio la kazi; aliweza kutambua lifti iliyochoka kwa kusimama tu mlangoni pake.

"Umeizima," alisema.

"Inapika."

Alilizunguka kasha, akachungulia kwenye matundu ya nyuma. "Feni iko wapi?"

"Haina."

Mume alifikiri kidogo, kisha akaomba karatasi ya dhamana, akaisoma mbele na nyuma, akaridhika.

Mtoto ndiye aliyetoka chumba cha nyuma na habari. "Mama," alisema, "Mama Mkubwa anavuma."

"Anafanya nini?"

"Anavuma. Kama friji."

Walikwenda kumwangalia. Alikuwa ameketi kitandani akikunja nguo. Joto lilianzia mlangoni, na mvumo ulitoka mahali fulani kifuani mwake, wa chini, usiobadilika. Mchoraji alimuuliza kama anaumwa. Mama Mkubwa alitikisa kichwa, akafungua mdomo ili aseme kitu, na upepo wa uvuguvugu ukatoka, wenye harufu ya plastiki mpya. Alifunika mdomo kwa mkono, kama mtu aliyecheua mbele ya wageni.

Muuguzi wa zahanati alimpima mara mbili, maana kipimo cha kwanza alikidhania kibovu.

"Hana homa," alisema. "Ana joto tu. Ni joto la mtu aliye kazini. Anafanya kazi gani?"

"Hafanyi kazi," alisema mchoraji. "Yuko nyumbani tu."

"Basi akae karibu na dirisha. Asifunikwe."

Wakamsogezea kitanda karibu na dirisha. Picha za mchoraji sasa zilitoka haraka na nzuri, kampuni haikumtaja tena yule mchoraji mwingine, na kazi ziliongezeka hadi mashine ikawa haizimwi: ikimaliza picha moja inaanza nyingine, kukicha na kukichwa. Mama Mkubwa naye akawa hapoi. Alipika, alifagia, alimpeleka mtoto shule na kumrudisha, akivuma njia nzima, na watoto wengine wakawa wanajua kuwa amefika kabla hawajamwona.

Watu huzoea. Mvua zilipoanza, jirani wa juu, mama wa mapacha, alishuka na ndoo. "Mama Mkubwa, samahani mwaya, nakuachia soksi hizi mbili tatu." Zilikauka kabla hajafika mlangoni kwake. Kesho yake alileta sare nzima. Wengine wakaleta taulo, na mwokaji wa mtaa akaomba kuacha beseni la unga wa mkate miguuni pake, kwa kuwa uliumuka vizuri pale kuliko jikoni kwake. Mtoto alilala mchana kwenye mapaja yake, mvumo ukimbembeleza. Mume, jioni moja akipita koridoni, alisimama akasikiliza.

"Mzunguko wake ni mzuri," alisema. "Hauna mkwaruzo hata kidogo."

Wenzake wa kazi walimpigia mchoraji simu kumuuliza kama ile nyongeza ya bei ina maana yoyote, au ni majivuno tu. Aliwajibu kwa uaminifu. Aliwaambia inafaa, kwa sababu husikii kitu. Unasahau kabisa kwamba kuna kazi inafanyika.

Kisha alasiri moja umeme ulikatika. Skrini ilizima, friji ikanyamaza, na baada ya hapo ikanyamaza sauti nyingine ambayo hawakukumbuka mara moja ni ya nini. Mama Mkubwa alitokea koridoni akishika ukuta, jasho likimkauka usoni.

"Afadhali," alisema.

Sauti yake ilikuwa inakwaruza kama bawaba ya mlango uliofungwa muda mrefu. Mume alimpisha kiti.

"Karibu, shemeji. Ulipotea."

"Nilikuwa hapo hapo," alisema. Alimuuliza mdogo wake kama mtoto amekula, akaambiwa amekula. Aliweka mikono yote miwili mezani, akaitazama, akasema, "Mimi nina neno."

Mume aliweka kikombe chini. Katika nyumba ile sentensi hiyo haikuwa imewahi kusemwa kwa sauti hiyo.

"Nataka kujifunza gari," alisema Mama Mkubwa. "Pale kiwanjani. Nimewaangalia miaka yote wanavyorudi nyuma. Wanatazama mbele wakati gari linakwenda nyuma. Makosa yao yote nayajua."

"Gari, shemeji?" Mume alikuwa anatabasamu, bila ubaya. "Utampeleka nani?"

"Nitajipeleka."

"Wapi?"

"Nikishaweza ndiyo nitajua. Pesa ya mafunzo ninayo, sikuombeni. Ila wanafundisha asubuhi. Kwa hiyo asubuhi mtu mwingine itabidi ampeleke mtoto, na ile chai ya—"

Umeme ukarudi. Fundi alikuwa ameiunda mashine ijiwashe yenyewe na kuianza upya kazi iliyokatizwa. Mvumo uliingia katikati ya neno, na yaliyobaki yalitoka kama upepo wa uvuguvugu ulionyanyua pindo la kitambaa cha meza. Mama Mkubwa alisubiri kuona kama utapita. Haukupita. Alisimama, akarudi chumbani kwake, kwa sababu sebule ni ndogo na joto lake lilikuwa linawasumbua.

"Alikuwa anasema habari za asubuhi," alisema mume baada ya muda.

"Nilimsikia."

"Mimi asubuhi nina lifti."

"Na mimi nina kupika."

Mume alikichukua tena kikombe chake. Friji ilikuwa inanguruma tena, na hilo liliwasaidia kutoendelea.

Siku iliyofuata mchoraji alipanda kwa fundi. Fundi alikuwa anampima mteja mwingine; alimkaribisha kiti, akamaliza, akamsindikiza mteja hadi ngazini, akarudi.

"Ni yule dada?" aliuliza.

"Anavuma."

"Anavuma vizuri?"

"Mume wangu anasema vizuri."

"Basi mashine haina kosa."

"Sikujua kwamba ndivyo ulivyomaanisha," alisema mchoraji. "Ulipouliza nani hana neno, nilidhani unaniuliza kama watu wanavyoulizana."

"Niliuliza kama watu wanavyoulizana," alisema fundi. Hakuwa anabishana, alikuwa anakumbuka. "Ukasema kabisa. Joto la kazi halifi, mama. Mashine ya dukani hukupulizia mwenyewe usoni. Yangu hulipeleka kwa mtu. Nyongeza ya bei ni ya hiyo safari."

"Haliwezi kwenda kwingine?"

"Linaweza. Nikuwekee feni, sitakudai kitu. Itapiga kelele na itakwenda polepole, kama ya dukani. Au nitaje mtu mwingine. Mume?"

"Ana maneno."

"Hapo halitakaa. Na wewe je?"

Mchoraji alitazama zile taa za buluu kwenye rafu. "Mimi nina kazi," alisema.

Fundi aliitikia kwa kichwa, kwa kuelewa. "Ndivyo wanavyosema wote. Wakili wa ghorofa ya juu alimtaja mlinzi wake. Mwenye duka la miwani hapo chini, mama yake mzazi." Alifuta kasha moja kwa kitambaa laini, taratibu, kona kwa kona. "Dada mwenyewe amesema ana neno?"

Mchoraji alivuta mtandio. "Umeme ulikuwa umekatika," alisema. "Kila mtu alikuwa anaongea."

"Basi muulize tena. Akiwa nalo, lete mashine siku yoyote. Kuweka feni si kazi kubwa."

Mchoraji alikusudia kumuuliza. Njiani alipita dukani akanunua betri ya akiba, kubwa, ya kuiwasha mashine wakati umeme ukikatika, kwa sababu kampuni ilikuwa imemwagiza picha ya mtaa mzima wa nyumba mpya na ilitakiwa wiki hiyo hiyo. Hivyo viwili, kuuliza na betri, alivifikiria kama vitu visivyohusiana. Mume aliifunga betri ukutani jioni ile, akaijaribu kwa kuzima swichi kuu. Nyumba nzima iliingia giza, mashine ikaendelea, na mvumo wa chumba cha nyuma haukutetereka. Akasema hiki sasa ni kifaa.

Mchoraji alimuuliza dada yake asubuhi ambayo picha ya mtaa ilikuwa inapikwa. Angeweza kuizima mashine kwanza, lakini picha ikikatizwa huanza upya. Alisimama mlangoni pa chumba cha nyuma, mume akiwa nyuma ya bega lake. Mama Mkubwa alikuwa dirishani, miguu ikiwa katikati ya mabeseni ya unga, soksi za mapacha zikiwa zimetandazwa kwenye egemeo la kiti chake. Kiwanjani mwanafunzi alirudi nyuma akitazama mbele, akagonga pipa. Mama Mkubwa alitikisa kichwa.

"Dada," alisema mchoraji. "Fundi anasema anaweza kuweka feni. Mashine itapiga kelele, na kazi zitachelewa, na huenda kampuni wakampa yule mwingine. Lakini wewe ndiye wa kusema. Kama una neno, sema tu. Hapa ni kwako."

Mama Mkubwa aligeuka. Alimtazama mdogo wake kwa muda, kama mtu anayechagua aanzie wapi, kisha akafungua mdomo. Upepo ulitoka. Ulikuwa mrefu kuliko pumzi ya mtu. Uliangusha soksi, ukapeperusha pazia, ukabandua ukutani mchoro wa mtoto, na muda wote huo midomo yake ilikuwa inakwenda, ikifunguka na kufumbana, ikisimama mahali pa kusimama, ikaendelea. Mchoraji aliusubiri hadi mwisho. Alikuwa amelelewa na mtu aliyemfundisha kutomkatiza mkubwa.

Upepo ulipokwisha, alimgeukia mume wake.

"Unaona," alisema. "Hana neno."

"Shemeji ni mtu wa amani," alisema mume. "Siku zote."

Waliokota soksi, wakamrudishia kwenye kiti, wakatoka.

Picha ya mtaa ilikuwa tayari. Nyumba zilipangana chini ya jua la saa nne, kila moja na mti wake. Kampuni ilikuwa imeomba gari moja mbele ya nyumba ya kwanza, ili mtaa uonekane una watu, na mchoraji alikuwa ameliweka, jekundu, tupu. Sasa ndani yake alikuwemo Mama Mkubwa. Alikuwa kwenye kiti cha dereva, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma ya kiti cha pili, shingo ameigeuza kutazama nyuma, kama inavyotakiwa mtu anaporudisha gari.

Mume aliinama karibu na skrini.

"Ulimweka wewe?"

"Hapana."

"Amekaa vizuri," alisema mume. "Angalia hata bega."

"Ndiyo."

Waliitazama picha kwa muda. Halafu mchoraji akatafuta katika orodha ya vitu vyote alivyoviweka, mti kwa mti, taa kwa taa. Gari lilikuwepo na dereva hakuwepo. Kampuni iliomba gari, haikuomba mtu. Aliliondoa lile jekundu, akaweka jeupe, akalisogelea kwenye skrini hadi akauona usukani na viti, akahakikisha kuwa ni tupu. Kisha akabonyeza, picha ikaanza kupikwa upya.

Mashine haikutoa sauti. Katika chumba cha nyuma mvumo ulipanda, ukashuka kidogo, ukapanda tena na kutulia, kama gari linalobadilisha gia.